Sauti ya Zombi Mlangoni

Vidole ndivyo vilivyotangulia kuonekana. Vilichomoza kutoka sakafuni mwa jukwaa, vikafuatwa na viwiko, kisha bega moja lililolegea kuliko jingine, na hatimaye zombi mzima akasimama mbele ya watu akiwa na tope hadi magotini. Akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti akiburuza mguu. Mama mmoja wa safu ya tatu akamrushia pochi. Pochi ikapita kifuani mwa zombi ikaangukia upande wa pili, na ukumbi mzima, uliokuwa umepiga yowe, ukaangua kicheko.

Hakuwa mtu, wala hakuwa sanamu. Alikuwa nuru tupu iliyosukwa na Mhuishi.

Huo ulikuwa mwaka ambao reli ya sumaku ilifika Tunduma, na jiji la Mbeya lilikuwa limepanda milima pande zote mbili, magari ya waya yakivuka juu ya mabonde kutoka Loleza hadi Uyole. Filamu hazikuwa zikitazamwa ukutani tena. Zilimzunguka mtazamaji, zikamkalia jirani, zikampumulia shingoni. Na mtambo uliozifanya hivyo, mkubwa kiasi cha kabati la nguo, ulikuwa umefungwa chini ya jukwaa la ukumbi huo. Waliuita Mhuishi. Ulikuwa akili unde iliyolishwa filamu zote za zamani zilizopatikana, na ukipewa hadithi, uliumba waigizaji wake wenyewe: uliwapa sura ambazo hazikuwahi kuwa za mtu yeyote, mwendo, sauti, hata jasho. Kwa hiyo kampuni ya Nuru Hai haikuwa imemwajiri mwigizaji hata mmoja kwa miaka mingi.

Aliyeubuni alikuwa mhandisi Tusekile Mwambene, mwanamke mrefu mwenye kuvaa miwani mizito kwa ukaidi tu, maana macho yalikuwa yanatibika kwa nusu saa. Siku ile alikuwa amekaa mezani jukwaani, mikono ameikunja, akimtazama zombi wake anavyowatoa watu jasho. Alikuwa amekuja kushinda.

Kila mwaka wapenzi wa filamu za mazombi walikutana kubishana ni ipi bora kuliko zote, kisha wakapiga kura. Mwaka huo kura ilikuwa na uzito wake, kwa sababu filamu itakayoshinda ingepelekwa kwenye vituo vya mwezini, ambako wachimbaji walikuwa na kiu ya burudani. Filamu tatu zilikuwa zimebaki, na kila moja ilikuwa na mtetezi wake mezani.

Tusekile alitetea *Baridi ya Damu*, kazi ya Mhuishi. Kijana mmoja muuza chipsi aitwaye Ipyana alitetea *Bwana Harusi Ananuka*, kichekesho cha zombi aliyeposa. Na bibi mmoja kutoka Uyole, mfupi, mwenye kitenge cha rangi ya machungwa na sauti ya kuuzia sokoni, alitetea *Wafu wa Mwanjelwa*, filamu ya zamani sana iliyopigwa kwa kamera moja katikati ya magunia ya viazi. Watu walimwita Mama Ambwene. Mumewe, marehemu Gwamaka, alikuwa ameigiza zombi katika filamu hiyo, na katika nyingine nyingi za wakati ule.

"Mume wangu alikufa mara nyingi kuliko mtu yeyote Mbeya," Mama Ambwene aliwaambia watu, nao wakacheka. "Alipigwa shoka, akachomwa moto, akapitiwa na trekta. Na kila jioni alirudi nyumbani kula. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia ile rangi nyekundu. Basi nisikilizeni, mazombi nayajua."

Mshereheshaji, Daudi Nzunda, mtangazaji wa redio mwenye tumbo la kustarehe, akamuuliza kwa nini filamu ya kamera moja iishinde filamu ya Mhuishi.

"Kwa sababu mle ndani zombi ni mtu wa mtu," alisema bibi. "Kuna yule muuza nyanya aliyekufa, anarudi sokoni, anafika kwenye meza yake, anaanza kupanga nyanya. Hamuumi mtu. Anapanga tu. Mtoto wake yupo pale, hajui akimbie au amsaidie. Mimi pale huwa sipumui. Haya mazombi ya siku hizi yana mbio, yana meno, yanaruka ukuta. Ni mbwa tu waliovaa suruali."

"Lakini, mama," Ipyana akadakia, "zombi asiyeuma ana faida gani? Si bora tukatazame harusi?"

"Wewe zombi wako anaoa!"

"Anaoa, lakini anamuuma mshenga!"

Ukumbi ukalipuka. Tusekile naye akacheka, ila alipopewa zamu alikuwa ameshakunjua mikono.

"Namheshimu mama," alisema. "Na hiyo filamu ya nyanya nimeitazama tangu nikiwa shule. Ila tuseme ukweli. Mle unaona rangi, unaona mtu anajilazimisha kutetemeka. Katika *Baridi ya Damu* huoni mtu anaigiza. Mnaijua wenyewe ile sehemu ya mlangoni. Nani hapa hajawahi kuwaona watoto wa mtaani kwake wakiicheza?"

Watu wakaitikia kwa mdomo mmoja: "Suu... suu..."

Jiji zima lilikuwa linaujua mlio huo. Watoto walikimbizana nao, vijana waliwatishia wachumba zao, wengine waliuweka kuwa mlio wa simu. Ulitoka katika sehemu moja tu, ambapo zombi anafika usiku kwenye nyumba yenye taa, anasimama mlangoni, na haingii.

Mama Ambwene alitikisa kichwa. Alikuwa hajawahi kuitazama filamu hiyo, na alikuwa amesema waziwazi kwamba hana haja nayo. Huo mlio alikuwa ameusikia kwa watoto tu, na kwa watoto ulikuwa kama nyoka anayepuliza.

"Basi leo mama ataiona," alisema Nzunda. "Mhandisi, mwachie zombi wako."

Tusekile akamwamuru Mhuishi. Taa zikafifia. Mlango ukaota katikati ya jukwaa, mlango wa mbao wenye mwanga chini yake, na zombi akaja taratibu na bega lake lililolegea. Akainua mkono wa kushoto. Ukafika nusu ya njia, ukaanguka. Akauinua tena. Mdomo ukafunguka upande mmoja, koo likakwaruza kama gari linalokataa kuwaka, ndipo sauti ikatoka.

"Suu... suu... "

Kiti kikaanguka. Mama Ambwene alikuwa amesimama.

"Zima," alisema. Halafu papo hapo akasema, "Hapana. Usizime. Mrudishe mwanzo."

Watu walidhani ni mbinu ya mdahalo, wakaanza kucheka. Tusekile alikuwa karibu naye kiasi cha kumwona midomo, naye hakucheka. Alirudisha. Mkono ukapanda, ukaanguka, ukapanda. Koo likakwaruza.

"Yule ni Gwamaka," alisema bibi. "Yule ni mume wangu."

"Mama, lile halina sura ya mtu yeyote," Tusekile alimjibu kwa upole. "Sura imetengenezwa."

"Sijasema sura. Nimesema yule ni mume wangu. Alipopooza, upande wa kulia ulikufa, akabaki na mkono huo. Aliuinua hivyo hivyo kitandani." Akamgeukia Tusekile, na macho yake hayakuwa na machozi bado, yalikuwa na mshangao tu. "Mwanangu, mimi Ambwene ni mtoto wangu. Jina langu ni Subilaga."

Ilimchukua Tusekile muda kidogo. Kisha akalisikia. Suu. Su.

Akasimama, akamwambia Nzunda kwamba anahitaji mapumziko mafupi, akateremka ngazi za nyuma ya jukwaa kwenda kwenye mtambo. Mkurugenzi wa Nuru Hai, Erasto Mbilinyi, mwanamume nadhifu aliyekuwa akifuatilia mambo kutoka pembeni, akamfuata. Mama Subilaga naye akafuata bila kualikwa, ameshika upindo wa kitenge ili asijikwae kwenye nyaya.

"Mhuishi," Tusekile alisema, "sauti ya sehemu ya mlangoni uliitoa wapi?"

"Katika Bwawa la Sauti," mtambo ukajibu kwa sauti yake tulivu.

Bwawa la Sauti lilikuwa ghala la taifa, ambamo roboti wauguzi, roboti wa shuleni na roboti wa barabarani walimwaga kila walichosikia na kuona, ili akili unde zote zijifunze jinsi binadamu wanavyosema na kujongea. Majina yalifutwa kabla ya kitu chochote kuingia. Watu walikuwa wameambiwa kwamba jina likishafutwa, hakuna aliyeguswa.

"Ni sauti ya nani?"

"Haina jina. Ilirekodiwa na roboti muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi."

"Kwa nini uliichagua hiyo?"

"Niliagizwa kutafuta popote kila kilichoachwa na watu waliowahi kuigiza mazombi vizuri. Mwendo wa mgonjwa huyu ulilingana na mwendo wa mwigizaji katika *Wafu wa Mwanjelwa*. Nikatambua kuwa ni mtu mmoja. Rekodi hii ilikuwa bora kuliko uigizaji wake wote."

"Nani alikuagiza hivyo?"

"Wewe, Mhandisi Tusekile."

Alikumbuka. Alikuwa amelitamka agizo hilo akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, akiwa na haraka, na lilikuwa limempendeza kwa ufupi wake. Tafuta popote. Mtambo haukuwa umeficha kitu. Hakuna aliyekuwa ameuuliza.

Mama Subilaga alikuwa ameegemea ukuta. "Nilimwona kila siku mle wodini," alisema. "Wageni waliruhusiwa saa moja tu. Nikiwepo alikuwa kimya, ananitazama. Nikawaambia watoto, baba yenu hasemi tena." Akauachia upindo wa kitenge. "Kumbe nikiwepo hakuwa na haja ya kuniita."

Mbilinyi alikohoa. "Mama, pole sana. Kampuni itakutunza, sina shaka. Lakini mhandisi, watu wanangoja, na kisheria hakuna kosa. Haina jina. Tumalize kura kwanza, mengine tuyaongee ofisini kama watu wazima."

"Naiondoa filamu," alisema Tusekile.

"Huwezi. Ni ya kampuni."

"Basi nitawaambia watu ni nini wanachokipigia kura."

"Ukipanda pale ukasema, kesho usije kazini."

"Sitakuja," alisema, akapanda ngazi.

Aliwaeleza watu kwa maneno machache bila kupamba, akisimama mahali pale pale ulipokuwa mlango. Aliposema mara ya kwanza "lile zombi" akajisahihisha, akasema "yule mzee". Hakuna aliyecheka tena. Baba mmoja wa safu za nyuma aliitoa simu yake mfukoni, akaifutia mlio, na Tusekile aliona wengine wakifanya vivyo hivyo, kimyakimya, mmoja baada ya mwingine.

Kura ilipigwa hata hivyo. *Wafu wa Mwanjelwa* haikushinda. Ilishinda *Bwana Harusi Ananuka*, na Ipyana alipopewa zawadi aliona haya hata akashindwa kuhutubia. Mama Subilaga alimpa mkono, akamwambia kwamba mshenga yule alistahili kuumwa.

Nje ya ukumbi, Tusekile alimsubiri. Alikuwa ameandaa maneno marefu ya kuomba msamaha. Alichosema ni: "Nitahakikisha inafutwa, bibi. Mle bwawani na kila mahali."

"Ifutwe?" Mama Subilaga akamkazia macho. "Nani kakuambia ifutwe? Nyinyi mmesikia kipande. Mimi nataka yote. Kama aliniita, nataka kusikia alivyoniita, mwanzo mpaka mwisho. Ukishanipa mimi, ndipo uwafutie wengine."

"Sijui kama watakubali."

"Mimi sijakuuliza kama watakubali."

Basi wakaanza kazi. Masika yote walipanda magari ya waya kwenda ofisi moja hadi nyingine, Tusekile na mkoba wake, Mama Subilaga na chupa ya chai iliyofungwa kwa kanga ili isipoe. Nuru Hai haikutaka kuwaona. Ilitoa *Baridi ya Damu* upya, ikiwa na mlio mwingine uliotengenezwa, na watu wakasema hautishi. Wakubwa wa Bwawa la Sauti walikuwa wastaarabu na wagumu. Waliwapa viti, wakawapa maji, wakawaambia kwamba kitu kilichoingia bwawani si cha mtu tena, ni cha wote. Tusekile alieleza namna mtambo wake ulivyomtambua mgonjwa kwa mwendo wake tu. Kwamba kufuta jina hakumfuti mtu. Alileta vipimo, akachora, akarudi nyumbani koo limemkauka. Kesho yake akarudi tena. Zamani alikuwa akiamini kwamba mtambo ukishaeleweka kazi imekwisha. Sasa alijifunza kukaa kwenye benchi.

Mwishowe wakafungua shauri, na mbele ya jopo la usuluhishi mwanasheria wa bwawa alisema neno ambalo alikuwa amekwisha kulisema mara nyingi. "Tatizo letu ni moja tu. Rekodi haina jina."

Mama Subilaga hakungoja kuruhusiwa. "Jina limo," alisema. "Ndilo analolitaja."

Mwenyekiti wa jopo, mama wa makamo aliyekuwa akiandika, akaacha kuandika. Kisha akaamuru rekodi isikilizwe faraghani, na kama jina litasikika, apewe mwenye jina.

Waliisikiliza Uyole, asubuhi, nyumbani kwa Mama Subilaga, mlango ukiwa wazi na kuku wakiingia na kutoka. Afisa aliyeileta aliomba kusubiri nje chini ya mwavuli. Hakukuwa na nuru wala zombi. Ilikuwa sauti tu, kutoka kwenye kisanduku kidogo kilichowekwa mezani karibu na sukari.

"Suu... suu..."

Kisha ikaja sauti nyingine, safi, ya roboti muuguzi. "Unahitaji supu?"

Koo likakwaruza. Kitu kikagonga chuma cha kitanda: mkono uliokuwa ukianguka.

"Suu..."

"Unahitaji sukari? Sukari hairuhusiwi."

"Su... su..."

"Unahitaji suruali? Unahitaji sururu? Samahani. Sururu si kifaa cha wodi."

Mama Subilaga alicheka. Kilimtoka kicheko cha ghafla, akakiziba kwa upindo wa kitenge, na mabega yake yakaendelea kutikisika, na Tusekile hakuweza kujua tena ni kicheko au siyo. Roboti iliendelea na maneno yake, kwa adabu, bila kuchoka, na yule mzee naye hakuchoka. Alipumzika, akaanza upya. Wakati mwingine alitulia kwa muda mrefu hata Tusekile akadhani imekwisha. Kisha mkono ukagonga tena chuma.

"Subi..." alisema Gwamaka. Pumzi. "Subi... la..."

Mama Subilaga alikuwa ameinama mpaka paji la uso linakaribia kugusa kile kisanduku. Alikuwa anamsukuma kwa midomo, bila sauti, kama mtu anavyomsaidia mtoto kuhesabu.

"Subilaga."

Lilitoka zima, la kukwaruza, la kupinda upande mmoja, lakini zima.

"Neno hilo halimo katika mahitaji ya mgonjwa," ilisema roboti. Rekodi ikaishia hapo.

Kuku waliendelea kudonoa. Mama Subilaga aliinua kichwa, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, akaketi wima.

"Alifika," alisema. "Ndaga, mwanangu. Asante. Mwambie yule kijana wa nje sasa afute."

Tusekile alitoka kumwambia. Alisimama uani, akamtazama afisa akiifuta ile rekodi iliyokuwa bwawani, akarudi ndani wakanywa chai. Hawakuzungumzia filamu siku hiyo. Mama Subilaga alimweleza jinsi Gwamaka alivyokuwa mkorofi wa kukoroma, na Tusekile alisikiliza, huku kichwani neno moja likimrudia: halimo.

Hakurudi kwenye filamu. Alikwenda kwa wanaotengeneza roboti wauguzi, akawaomba kazi ya chini kuliko ile aliyokuwa nayo, wakashangaa, wakampa. Ilimchukua muda mrefu kuwashawishi waibadilishe roboti, kwa sababu walisema roboti yao tayari inajua kila kitu ambacho mgonjwa anaweza kukihitaji. Yeye aliwajibu kwamba haijui, na akaendelea kuwajibu hivyo mpaka wakachoka kumpinga.

Wa kwanza kukutana na roboti mpya alikuwa mzee mkulima wa parachichi kutoka Tukuyu, aliyeletwa hospitali akiwa na homa, mkali, asiyetaka kuguswa na bati. Tusekile alikuwa amesimama pembeni. Roboti ilisogea kitandani, na kabla ya kupima joto wala mapigo ya moyo, ikauliza:

"Mzee, watu wako wanaitwa nani?"

Mzee akaitazama kwa mashaka. Akauliza inataka kuwafanyia nini.

"Ukiwaita, nijue unamwita nani. Nitampigia simu aje."

Mzee akafikiri. Kisha akaanza. Alimtaja mkewe, akawataja watoto, wakwe, dada yake aliye Kyela, rafiki yake waliyegombana naye, akasita hapo, akamrudia rafiki huyo kwa jina lake kamili. Akawataja wajukuu, wengine akawachanganya, akajisahihisha, akaanza upya. Muuguzi wa zamu alitazama saa, akamtazama Tusekile. Wagonjwa wengine walikuwa wakingoja.

Tusekile akatikisa kichwa kukataa. Roboti haikumkatiza mzee.